John Browning: Fundi bunduki aliyegoma kulipwa kwa mkupuo

Katika minada ya silaha za kale nchini Marekani, bunduki ya wenzo iliyotengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ikiwa katika hali nzuri, inaweza kuuzwa kwa bei inayoishinda kwa mbali ile ya bunduki mpya ya aina hiyo hiyo. Wanunuzi wengi si askari, na wengine wala si wawindaji. Ni watu wa kawaida wanaopenda kulenga shabaha siku za mapumziko, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki au kucheza gofu.

Mnunuzi akiigeuza bunduki hiyo mkononi, atakuta jina la kampuni ya Winchester limegongwa juu ya mtutu pamoja na tarehe za hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi. Jina la aliyeibuni hatalikuta. Bunduki za wenzo zinazotafutwa sana, za mwaka 1886, 1892, 1894 na 1895, zote zilitoka katika kichwa cha mtu mmoja aliyeitwa John Moses Browning, ambaye aliziuza kwa Winchester moja baada ya nyingine kwa malipo ya mkupuo.

Maisha yake ni somo kwa kila mwenye kitu cha kuuza, awe fundi, mkulima au mwandishi wa programu za kompyuta. Kwa miaka 19 alikubali kulipwa mara moja na kuondoka. Mwaka 1902 alikataa, na uamuzi huo ukabadili historia ya kampuni tatu kubwa.

Karakana ya baba

Browning alizaliwa Januari 1855 katika mji mdogo wa Ogden, Utah, wakati ambapo Utah ilikuwa bado haijapata hadhi ya kuwa jimbo kamili la Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki mwenye asili ya Tennessee. Alijiunga na dhehebu la Wamormoni, akahama nao kuelekea magharibi na kufika Ogden mwaka 1852. Mzee huyo alikuwa na wake watatu na watoto 22, na karakana yake ilitengeneza karibu kila kitu cha chuma kilicholetwa na majirani.

Mtoto John alikulia kati ya vyuma chakavu na vipande vya mitutu. Inasimuliwa katika familia yake kwamba akiwa na umri wa miaka kama 10 aliunda bunduki yake ya kwanza kwa mabaki ya karakana. Shule alisoma kidogo, lakini kazi ya ukarabati ilimpa elimu ambayo wahandisi wengi wa viwandani hawakuwa nayo. Kila bunduki iliyoletwa ikiwa imeharibika ilimwonyesha mahali ambapo mbunifu wake alikosea.

Mwaka 1879 ulikuwa wa mambo mengi kwake. Alioa, baba yake akafariki dunia, na Oktoba mwaka huo akapata hataza yake ya kwanza, ya bunduki imara ya risasi moja. Yeye na ndugu zake walifungua kiwanda kidogo mjini Ogden, na hadi kufikia mwaka 1883 walikuwa wametengeneza bunduki hizo zipatazo 600.

Hapo ndipo Browning alipokumbana na tatizo la kila mzalishaji mdogo. Bidhaa ilikuwa nzuri, na wanunuzi walikuwapo, lakini mashine zilikuwa chache, mtaji ulikuwa haba, na soko la nchi nzima lilikuwa mbali na mji wake. Aidha, muda aliotaka kuutumia kubuni vitu vipya uliliwa na kazi ya kurudia bidhaa ile ile.

Dola 8,000 kutoka mashariki

Suluhisho lilikuja kwa treni. Mfanyabiashara aliyekuwa akizungukia wateja wa Winchester aliiona moja ya bunduki za Ogden, akaituma makao makuu ya kampuni hiyo mjini New Haven, jimbo la Connecticut. Winchester ilikuwa imejijengea jina kwa bunduki zake za wenzo, hasa ile ya mwaka 1873, lakini bunduki hizo za wenzo hazikuweza kuhimili risasi zenye nguvu zaidi za kuwindia wanyama wakubwa.

Makamu wa rais wa kampuni, Thomas Gray Bennett, ambaye alikuwa mkwe wa mwanzilishi Oliver Winchester, alifunga safari mwenyewe hadi Ogden mwaka 1883. Alikuta vijana wachache ndani ya karakana ya kijijini. Aliondoka na haki zote za bunduki ile kwa malipo ya dola 8,000 za Marekani, na Winchester ikaiingiza sokoni kwa jina la Modeli 1885.

Kwa ndugu wa Ogden, hizo zilikuwa fedha nyingi. Waliondokana na kazi ya kiwanda, wakapata mtaji wa kupanua duka lao, na John akapata kitu alichokitaka kuliko fedha, yaani muda.

Oktoba 1884 alikwenda New Haven na kitu kikubwa zaidi. Ili kuelewa ukubwa wake, ni vizuri kujua bunduki ya wenzo inavyofanya kazi. Chini ya kitako, kuzunguka kifyatulio, kuna mkono wa chuma. Mpigaji akiusukuma chini, ganda la risasi iliyotumika linatupwa nje na nyundo inavutwa nyuma. Akiurudisha juu, risasi mpya kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu inaingia mahali pake. Bunduki za zamani za Winchester zilifunga mlango wa risasi kwa viungo vilivyokunjika kama goti, na viungo hivyo havikuweza kuhimili baruti nyingi. Browning aliweka makomeo mawili ya chuma yanayopanda wima na kuufunga mlango huo kwa nguvu. Matokeo yake yalikuwa Modeli 1886, bunduki ya wenzo iliyoweza kupiga risasi kubwa kwa usalama.

Kuanzia hapo, uhusiano wa Ogden na New Haven ukawa wa kudumu. Hata aliposimamisha kazi kwa miaka miwili, kuanzia 1887, kwenda kuhubiri dini yake katika jimbo la Georgia, nafasi yake Winchester haikuchukuliwa na mtu mwingine.

Hesabu ya senti mbili

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Modeli 1892. Bennett alihitaji haraka bunduki ndogo na nyepesi ya wenzo ili kukabiliana na mshindani wake, kampuni ya Marlin. Inasimuliwa kwamba alimwahidi Browning dola 10,000 akiikamilisha ndani ya miezi mitatu, au dola 15,000 akiikamilisha kwa miezi miwili. Browning alijibu kwamba angeileta ndani ya siku 30 kwa dola 20,000, na akichelewa asilipwe chochote. Bunduki ilifika kabla ya siku hizo kwisha.

Winchester ilitengeneza zaidi ya bunduki milioni moja za aina hiyo. Kama kiasi hicho cha dola 20,000 ni sahihi, basi mbunifu alipata takriban senti mbili kwa kila bunduki. Modeli 1894 iliyofuata ilipita hata hiyo. Mwaka 1895 ilianza kutumia risasi ya .30-30 yenye baruti isiyotoa moshi, ikawa bunduki ya kuwindia paa katika misitu ya Marekani kwa vizazi kadhaa, na jumla ya zilizotengenezwa ilivuka milioni saba.

Ni rahisi kusema kwamba Browning alipunjwa, lakini hesabu kamili ina upande wa pili. Katika kipindi chote hicho Winchester ilinunua kwake hataza 44 za bunduki, na kati ya hizo ni takriban 10 tu zilizoingia kiwandani. Nyingine zilifungiwa kabatini ili washindani wasizipate. Kama Browning angekuwa analipwa mrabaha, yaani sehemu ya fedha kwa kila bunduki inayouzwa, basi miundo hiyo 34 isingemletea hata senti moja.

Kwa maneno mengine, malipo ya mkupuo yalihamisha hatari kutoka kwa fundi kwenda kwa kampuni. Winchester ndiyo iliyonunua mashine, ikalipa wafanyakazi na kusubiri kuona kama soko litakubali. Fundi asiye na akiba hawezi kusubiri. Ni hali anayoifahamu mkulima anayeuza zao likiwa bado shambani: bei ni ndogo, lakini mvua ikikataa, hasara si yake.

Bunduki iliyofika Mombasa

Modeli 1895 ilitofautiana na nyingine. Badala ya bomba chini ya mtutu, risasi zilikaa kwenye kisanduku mbele ya kifyatulio, hivyo iliweza kutumia risasi zenye ncha kali. Ziliundwa zaidi ya 400,000, na nyingi kati ya hizo, zipatazo 290,000, zilinunuliwa na serikali ya Urusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Bunduki hii ndiyo iliyolileta jina la Winchester Afrika Mashariki kwa kishindo. Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani wiki chache tu nyuma yake, aliteremka Mombasa akiwa na mwanawe Kermit, akapanda treni ya Reli ya Uganda hadi kituo cha Kapiti na kuanza safari ndefu ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya makumbusho ya Smithsonian. Katika mizigo yake zilikuwamo Modeli 1895 za risasi ya .405, na alizipenda hasa katika kuwinda simba. Kitabu alichoandika baada ya safari hiyo kilikuwa tangazo ambalo kampuni isingeweza kulinunua kwa fedha. Hata hivyo, wakati huo aliyeibuni bunduki hiyo alikuwa amekwisha kuachana na Winchester.

Mlango unafungwa, 1902

Mwishoni mwa karne ya 19 Browning aliunda shotigani inayojipakia yenyewe, yaani bunduki ya marisau ambayo nguvu ya mpigo wake inatupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Hakuna aliyewahi kuiunda kwa mafanikio. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ndiyo kazi yake yenye thamani kubwa zaidi kibiashara.

Wakati huo hakuwa tena kijana wa karakana. Alikuwa na akiba, duka la familia lilikuwa likiendelea vizuri, na alikuwa ameonja mkataba wa aina nyingine. Mwaka 1897 kampuni ya Fabrique Nationale, au FN, ya mji wa Herstal karibu na Liège nchini Ubelgiji, ilimtuma mwakilishi wake Hart Berg kwenda Marekani kuangalia teknolojia ya kutengeneza baiskeli. FN iliundwa mwaka 1889 kwa ajili ya kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser, na oda hiyo ilipokwisha mashine zake zilihitaji kazi. Berg alirudi na bastola ya Browning, na makubaliano ya mwaka huo yalimpa mbunifu mrabaha. Bastola hizo ziliuzwa kwa mamia ya maelfu, kiasi kwamba kwa Wafaransa neno browning likawa jina la kawaida la bastola.

Kwa hiyo alipokwenda New Haven mwaka 1902, alimweleza Bennett kwamba safari hii hauzi haki zote. Alitaka mrabaha kwa kila shotigani. Bennett alikataa. Winchester haikuwa na desturi hiyo, na akikubali mara moja, ingekuwa vigumu kukataa tena. Isitoshe, bidhaa mpya ingeweza kuua soko la shotigani zake mwenyewe ambazo mitambo yake ilikuwa imekwisha kulipiwa. Watu wawili waliofanya biashara kwa miaka 19 waliachana siku hiyo.

Browning alijaribu kampuni ya Remington. Januari 8, 1902, akiwa anasubiri kuonana na rais wake, Marcellus Hartley, aliletewa habari kwamba mzee huyo amefariki dunia ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mwezi uliofuata, fundi huyo ambaye hakuwahi kuvuka bahari alipanda meli kwenda Ubelgiji na shotigani yake. Machi 1902 FN ilitia saini.

Mwaka 1903 aliweka oda ya shotigani 10,000 kwa ajili ya kuziuza mwenyewe Marekani, na zote zilikwisha ndani ya muda mfupi. Ushuru wa forodha ulipofanya uagizaji kuwa mgumu, aliikodisha haki ya soko la Marekani kwa Remington. Shotigani hiyo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1998. Winchester ilichukua miaka hadi 1911 kuleta ya kwake. Kwa sababu hataza za Browning zilizuia mkono wa kupakilia uliozoeleka, mtumiaji alilazimika kusukuma mtutu wenyewe, jambo lililosababisha ajali na kuiharibia jina bidhaa hiyo.

Akubali tena mkupuo

Ingawa alikuwa amejifunza thamani ya mrabaha, mara moja aliuacha kwa hiari. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, jeshi lilihitaji miundo yake ya bunduki za rashasha na bastola. Kwa viwango vya kawaida angestahili mrabaha wa zaidi ya dola milioni 12. Serikali ilimpa dola 750,000, naye akakubali bila kujadiliana.

Jina lake lina upande mwingine pia. Bastola iliyotumika kumuua mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa muundo wake uliotengenezwa na FN, na silaha zake za kivita ziliua watu wengi katika karne ya 20.

Aliaga dunia Novemba 26, 1926, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa kazini katika kiwanda cha FN mjini Herstal. Alikuwa na umri wa miaka 71 na hataza 128. Mwanawe Val, aliyekuwa akisimamia masilahi ya familia Ubelgiji, alikamilisha shotigani ambayo baba yake aliiacha mezani.

Anachonunua mnunuzi wa leo

Winchester haikudumu kama ilivyotarajiwa. Baada ya vita ilipanua viwanda na kuingia katika biashara ya viatu vya magurudumu, visu na majokofu, ikaelemewa na madeni na kufilisika mwaka 1931. Familia ya Olin iliinunua. Mwaka 1964, ili kupunguza gharama, vipande vilivyokuwa vikichongwa kwa chuma kizima vilibadilishwa na vingine vilivyogongwa kutoka kwenye bati la chuma. Wateja waliona tofauti. Ndiyo sababu hadi leo Modeli 1894 ya kabla ya 1964 ina bei yake, na ya baada ya hapo ina yake.

Anayetafuta bunduki kama hiyo kwa ajili ya kulenga shabaha hushauriwa kutofautisha kifaa cha kutumia na kifaa cha kuhifadhi. Iliyobaki na rangi yake ya kiwandani ni ghali, na kila risasi inayopigwa inapunguza thamani. Iliyosuguliwa na kupakwa upya hupoteza mvuto kwa wakusanyaji, lakini kama michirizi ya ndani ya mtutu ni mizima na komeo linafunga sawasawa, inafaa kwa shabaha na bei yake ni nafuu. Vichwa vya skrubu vilivyochubuka ni dalili ya fundi asiye makini. Namba ya mfululizo huonyesha mwaka, na kwa modeli nyingi jumba la makumbusho ya silaha la Cody, jimbo la Wyoming, hutoa barua ya kumbukumbu za kiwanda inayoonyesha bunduki ilitoka ikiwa na umbo gani. Barua hiyo humwokoa mnunuzi na bidhaa ya kuungaunga.

Risasi ni gharama nyingine. Za .30-30 zinapatikana kwa urahisi, lakini nyingi za karne ya 19 ni adimu na ghali. Mitutu iliyoundwa kwa baruti nyeusi isipigishwe risasi zenye nguvu za kisasa, na bunduki za bomba hutumia risasi zenye ncha bapa ili ncha ya moja isilipue ya mbele yake. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, zilizotengenezwa kabla ya 1899 huhesabiwa kuwa vitu vya kale, jambo ambalo nalo huongeza bei.

Asiyetaka kulipia umri hununua nakala mpya. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na bunduki za wenzo zenye jina la Winchester sasa hutengenezwa na kampuni ya Miroku nchini Japani. Wanaoziuza ni kundi la FN la Ubelgiji, lililoinunua kampuni ya familia ya Browning mwaka 1977 na baadaye kuchukua pia biashara ya bunduki za Winchester, huku jina likibaki mali ya Olin.

Kampuni iliyokataa kulipa mrabaha ilifilisika, na ile iliyokubali ndiyo leo inauza bunduki za mpinzani wake. Si kwamba mrabaha ni bora daima kuliko mkupuo. Browning wa mwaka 1883 alihitaji fedha mkononi, na alifanya vyema kuzichukua. Browning wa mwaka 1902 alikuwa na akiba ya kumwezesha kusubiri, na alilijua soko kuliko mnunuzi wake. Kabla ya kutia saini, muuzaji yeyote anapaswa kujiuliza maswali hayo mawili: anaweza kusubiri kwa muda gani, na kati yake na mnunuzi ni nani anayeijua zaidi thamani ya kitu kilicho mezani.